HABASODA SI KIBALI CHA KUMWACHISHA MGONJWA DAWA



Sifa zote njema ni za Allah, rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kwa muda wa wiki mbili nimeletewa tangazo moja zaidi ya mara kumi. Wengine wameniuliza kama ni kweli, wengine wametaka niwasaidie kulisambaza "upate thawabu, shekhe". Ni picha ya chupa ya mafuta ya habasoda. Juu pameandikwa jina la Mtume (s.a.w.), chini imepangwa orodha ya maradhi ambayo tumeshaizoea: sukari, presha, nguvu za kiume, kukosa mtoto. Safari hii wameongeza uvimbe wa utumbo, kuharisha damu na vidonda vya utumbo mpana. Kisha ukifika mwisho kabisa kuna maneno yaliyonikosesha usingizi: kwamba mwenye kuanza mafuta haya aache kabisa dawa za hospitali, kwa sababu zinapingana na Sunna.

Nasema wazi, na anayetaka kunijibu anijibu kwa dalili: maneno hayo ya mwisho ni uongo aliozuliwa Mtume (s.a.w.). Sisemi ni makosa madogo ya biashara. Kumzulia Mtume unajua hukumu yake, na kama hujui muulize ustadh yeyote aliyekusomesha chuoni.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana nusu ya udanganyifu huu umejificha kwenye jina. Sisi mtu akishika tumbo tu tunasema ana vidonda vya tumbo. Vidonda vya tumbo ni kitu kingine, mara nyingi vinaletwa na bakteria aliyemo tumboni na dawa yake ni ya siku chache zenye hesabu. Mtu akiona damu chooni tunasema bawasiri. Huu ninaouzungumzia sio huo wala huo. Ni maradhi ambayo kinga ya mwili, iliyoumbwa itulinde, inaugeukia utumbo wa mwenyewe na kuushambulia. Utumbo unavimba, unachubuka, unatoa damu na kamasi. Madaktari wanayagawa mafungu mawili makubwa. Moja hukaa kwenye utumbo mpana, linaanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu. La pili wanaliita ugonjwa wa Crohn, kwa jina la Dkt. Burrill Crohn wa New York, aliyeuandika mwaka 1932 pamoja na wenzake wawili. Huo unaweza kushika popote tangu mdomoni hadi mwisho wa njia ya chakula, na unakula ukuta wa utumbo kwa kina, hata ukatoboa vijia visivyokuwepo au ukaubana utumbo mpaka chakula kisipite.

Mgonjwa wake unaweza kumwona mzima. Anakwenda chooni mara sita, mara kumi kwa siku, usiku anaamshwa na tumbo, anakonda, damu inampungukia, na hawezi kumwambia mtu kwa sababu ni aibu. Haukai mwezi ukaisha. Unakaa miaka. Na uvimbe ukikaa miaka mingi kwenye utumbo mpana bila kutulizwa, hatari ya saratani ya utumbo huongezeka. Ndiyo maana wagonjwa wa muda mrefu huitwa kuchunguzwa kwa kamera kila baada ya muda hata kama wanajisikia vizuri.

Hapa kwetu kuna tatizo juu ya tatizo. Amiba, kichocho cha matumbo, kifua kikuu cha utumbo na saratani yenyewe, vyote vinaweza kuja na dalili zinazofanana na za ugonjwa huu. Daktari anapima choo, anapima damu, anaingiza kamera, anachukua kinyama kidogo kikaangaliwe. Muuzaji wa chupa anapima nini? Anapima mfuko wako. Mwenye kifua kikuu cha utumbo, ambacho kina dawa na kinapona, akikaa miezi sita na chupa ya mafuta, nani atakwenda kumjibia mbele ya Mola wake?

Sasa tuje kwenye hadithi, kwa sababu ndiyo wanayojificha nyuma yake.

Hadithi ni sahihi. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), na Bukhari ameipokea vilevile kutoka kwa Bi Aisha (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa katika habasoda mna shifaa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Tunaiamini, hatuipunguzi herufi. Anayeicheka nina neno naye huko mbele.

Lakini isome na kisa chake, usikate kipande cha kubandika kwenye chupa. Katika Bukhari imekuja kwamba Khalid bin Sa'd alikuwa safarini na Ghalib bin Abjar, Ghalib akaugua njiani, wakafika Madina bado mgonjwa. Akaja kumzuru Ibn Abi Atiq, mtu wa nyumba ya Abubakar as-Siddiq (r.a.). Akawaambia wachukue punje tano au saba za habasoda, waziponde, kisha wamdondoshee puani pamoja na matone ya mafuta, upande huu na upande huu. Ndipo akawasimulia hadithi aliyoipata kwa Bi Aisha.

Tazama adabu ya watu wale. Amekwenda kumwona mgonjwa kwa macho yake. Ametaja kiasi. Ametaja namna ya kutengeneza na njia ya kuitia mwilini. Ibn Hajar katika Fat-hul Bari anasema pengine Ghalib alikuwa na mafua, na ndiyo sababu dawa ikapitishwa puani. Hakuna mahali alipomwambia: kunywa kijiko asubuhi na jioni kwa kila kitu kilichomo duniani, na waliokuwa wanakutibu waache.

Na wanazuoni hawakulala juu ya maneno "kila maradhi". Al-Khattabi ameona ni tamko la jumla lililokusudiwa mambo maalumu, kwa sababu hakuna mmea mmoja unaokusanya tabia zote za kukabili maradhi yote. Ibnul Qayyim akatoa mfano wa Qur'ani: upepo ulioteremshiwa kina Aad umeelezwa katika Suratul Ahqaf kuwa unaangamiza kila kitu kwa amri ya Mola wake, na aya hiyohiyo inatwambia asubuhi yake nyumba zao zilionekana zimesimama. "Kila kitu" ina mipaka ambayo msikilizaji anaifahamu. Kwa upande wa pili, Ibn Abi Jamra hakupendezwa na wale wanaoifunga hadithi kwa maneno ya matabibu, akaona ukweli wa Mtume (s.a.w.) una haki zaidi ya kuliko tajriba zao. Mnaona, sifichi kauli inayoonekana kuwapa nguvu wauzaji. Na Ibn Hajar akaja na maelezo yanayokusanya: kwamba habasoda huenda ikatumika peke yake, huenda ikachanganywa na kitu kingine, mara inasagwa mara haisagwi, mara inaliwa, mara inanywewa, mara inavutwa puani, mara inakandwa juu ya mwili.

Mimi nakupa ruhusa uchukue kauli nzito kuliko zote, ya Ibn Abi Jamra. Umeichukua? Sasa nionyeshe ndani yake ni wapi pamesemwa mgonjwa aache dawa nyingine. Hadithi inasema ndani ya habasoda mna shifaa. Haikusema nje ya habasoda hamna shifaa. Baina ya sentensi hizi mbili kuna bahari, na wauzaji wetu wanaivuka kwa mguu mkavu.

Mtume huyohuyo (s.a.w.) aliyetufundisha habasoda ametufundisha asali, ametufundisha kuumika, na ametuamrisha kwa jumla tujitibu kwa kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Abu Dawud amepokea kwamba Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua, Mtume alimwelekeza kwa Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif. Na wapo wanazuoni waliosema kusilimu kwake Harith hakukuthibiti! Kama kumwendea daktari ni kupingana na Sunna, basi huyu Sa'd, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, alielekezwa wapi na nani?

Mtu ataniambia: shekhe, hata wazungu wamethibitisha, kuna tafiti. Naam, tafiti zipo, na mimi ni mtu wa madrasa na sekondari tu, lakini nimekaa na vijana wetu waliosomea udaktari wakanieleza kinyumenyume mpaka nikafahamu. Katika mafuta ya habasoda kuna kitu kinaitwa thaimokinoni. Kimechunguzwa tangu miaka ya sitini, na Wamisri walikuwa wa mwanzo katika kazi hiyo. Kwenye panya, kitu hiki kimeonekana kupunguza uvimbe wa utumbo, zaidi ya mara moja na katika maabara zaidi ya moja. Alhamdulillah, jambo la kufurahisha kwa Muislamu.

Ila sikiliza panya wale wanavyougua. Hawana maradhi haya kwa asili. Wanatiwa siki kali kwa njia ya nyuma, au wanawekewa kemikali kwenye maji ya kunywa, utumbo unachubuka ndani ya siku chache. Mara nyingine wanaanza kupewa dawa kabla hata ya kuumizwa. Na wanachopewa ni kitu kilichopimwa kwa uzito wa mwili wa panya. Wewe una ugonjwa wa miaka saba uliojizalia mwilini mwako, na una chupa ambayo hakuna anayejua ndani yake mna thaimokinoni kiasi gani, maana kiasi hicho hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu na kutoka kinu hadi kinu. Majaribio kwa binadamu wenye maradhi haya ni machache na madogo. Hayajafika pa kumwambia mgonjwa tupa dawa yako. Anayekwambia yamefika, mwambie akuletee moja tu.

Nikupe kisa kimoja cha kweli ujue kwa nini wenye ilimu hii hawakimbilii furaha. Mwaka 1996 madaktari wa Italia walitangaza matokeo ya mafuta ya samaki kwa wagonjwa 78 wa Crohn ambao maradhi yao yalikuwa yametulia. Baada ya mwaka mmoja, waliotumia mafuta asilimia 59 walikuwa bado wametulia, na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa ni asilimia 26 tu. Tofauti kubwa! Watu wakafurahi. Ikapita miaka, wakafanya majaribio mawili makubwa zaidi, wagonjwa zaidi ya 700 kwa pamoja, majibu yakatolewa mwaka 2008. Yale mafuta hayakuwa na faida ya maana kuliko vidonge vitupu. Ni mafuta ya samaki, sio ya mbegu, najua. Lakini angalia wenyewe walivyofanya: waliona heri kwa watu 78, wakasema tuongeze watu tuhakikishe, na walipokuta si hivyo wakaandika si hivyo. Sisi wenye dini ya kuhakiki isnadi, tulioachiwa na wazee wetu ilimu ya kumkataa msimulizi kwa sababu ya uongo mmoja, leo tunapokea sauti ya dakika moja ya mtu asiyejulikana, "mimi nilipona kwa chupa tatu", tunaifanya hoja.

Na hapa kuna siri ambayo wauzaji wanaijua au hawaijui, na hali zote mbili ni mbaya. Maradhi haya yana tabia ya kupanda na kushuka. Yanachachamaa wiki kadhaa, kisha yanatulia, wakati mwingine yanatulia yenyewe miezi mingi. Mtu hununua chupa lini? Hununua siku amezidiwa. Baada ya kuzidiwa kinakuja nini? Mara nyingi kunakuja kushuka. Kwa hiyo hata angekunywa maji ya kisima angepata nafuu, na angerekodi sauti ya kuyasifu yale maji. Yakirudi kuchachamaa, muuzaji anasema ongeza dozi. Yakikataa kabisa, una habari anasema nini?

Nitakwambia, maana mimi nilimsikia kwa sikio langu. Kuna kijana hapa mtaani, simtaji, na anayemjua amsitiri. Ana maradhi haya, alikuwa anatumia prednisoloni kwa muda wa miezi, na daktari alishamweleza kwamba dawa ile haikatwi ghafla, inashushwa kidogo kidogo. Sababu yake ni kwamba mwili ukiizoea dawa ya jamii ya steroidi unaacha kutengeneza ya kwake, na ukiinyima ghafla unabaki mtupu. Kijana akauziwa mafuta, akaambiwa atupe vidonge siku ileile ili "mwili ujisafishe". Akavitupa. Siku ya nne hakuweza kusimama, anatapika, presha imeshuka, na damu chini imerudi kwa wingi kuliko mwanzo. Usiku mama yake akamkodia bajaji. Akenda hospitali na ile chupa kwenye mkoba wake, akamwekea daktari mezani, masikini, akidhani itasaidia kueleza. Alilazwa siku kumi na moja. Allah amemponya na hatari ile, alhamdulillah.

Nilimpigia simu aliyemuuzia. Hakukanusha. Aliniambia: "Ustadh, yule hakuwa na yakini."

Ndugu yangu, umelisikia hilo? Dawa ikifanya kazi, sifa kwa chupa. Dawa ikimwangusha mtu, lawama kwa imani yake. Umemchukulia pesa, umemchukulia afya, sasa unataka kumchukulia na iymani! Mgonjwa akitoka hapo anakwenda kitandani anajiuliza kama Mola wake amemkataa. Dhulma hii mimi sijui niipime kwa mizani gani.

Nao wana hoja wanayoitolea hapo. Wanataja hadithi ya yule mtu aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) akasema ndugu yake anaumwa na tumbo, akaambiwa amnyweshe asali, akarudi kusema haikumfaa, akaambiwa tena na tena, mpaka Mtume akasema kwamba Allah amesema kweli na tumbo la ndugu yako ndilo lililosema uongo, akamnywesha akapona. Wanasema: mnaona, tatizo ni tumbo, dawa haina kosa. Subhanallah. Mtume (s.a.w.) alisema vile akiwa ni Mtume, kwa mtu yule, kwa maradhi yale. Wewe wahyi umekushukia lini juu ya utumbo wa mteja wako? Na Ibnul Qayyim alipofika kwenye hadithi hii katika Zadul Ma'ad alitoa faida kinyume kabisa na wanayoitoa hawa: kwamba kurudiwa asali kunatufundisha dawa iwe na kipimo na kiasi kulingana na hali ya maradhi, ikipungua haiondoi ugonjwa na ikizidi inadhuru. Yaani hadithi inayotufunza kupima, wao wameigeuza hoja ya kutopima. Muslim amepokea kwa Jabir (r.a.) kwamba kila maradhi yana dawa, na dawa ikiyapata maradhi mtu hupona kwa idhini ya Allah. Ikiyapata! Kuna dawa kutoyapata, na kuna mtu kutojua ni maradhi gani.

Sasa wewe muuzaji, nakusemesha wewe. Najua unatafuta riziki na sikuzuii kuuza habasoda. Uza, ni halali, ni kitu cha kheri. Lakini ukitoka kwenye kuuza ukaingia kwenye kutibu, umeingia mlango mwingine. Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kwamba anayejitia utabibu na hali haijulikani kwake ilimu ya tibabu, huyo ni mdhamini. Wanazuoni wa fiqhi wamejenga hukumu juu ya msingi huu: akiharibu analipa. Sio anaomba msamaha. Analipa! Zile siku kumi na moja za kitanda, kwa fiqhi yetu, zina mtu wa kuulizwa. Na usiniambie "mimi sikumlazimisha". Ulitumia jina la Mtume (s.a.w.), na Muislamu mgonjwa akilisikia jina hilo hana nguvu ya kukataa. Hivyo ndivyo ulivyomlazimisha.

Na kwa kuwa nimefika kwenye mafuta, niseme jambo la mafuta mengine ya mbegu, maana nimeona yanauzwa kwa jina la "kusafisha utumbo". Mafuta ya nyonyo. Wazee wetu walitunywesha utotoni na tunayajua kazi yake. Yanausukuma utumbo kwa nguvu mpaka utoe kila kilichomo. Mwenye utumbo uliovimba na kuchubuka, au uliobanwa na Crohn, ukimpa nyonyo unamwangamiza. Hilo halina mjadala, tena maelezo ya dawa yenyewe yanawakataza watu wa aina hiyo.

Wewe nawe uliyesoma, unayetuma vikatuni vya kuicheka hadithi ya habasoda kwenye makundi, usidhani nipo upande wako. Ibn Sina ameitaja mbegu hii katika vitabu vyake vya tiba, maabara za leo zinaichunguza, na wewe hujafungua hata kimoja. Unachokicheka ni ujinga wa muuzaji, basi mcheke muuzaji. Ulimi wako uuweke mbali na maneno ya Mtume (s.a.w.).

Na madaktari wetu, kwa heshima zote. Watu hawakimbilii chupa kwa ujinga peke yake. Mgonjwa anaambiwa kwa dakika tatu kwamba ugonjwa wake hauna dawa ya kuumaliza kabisa, anapewa karatasi, anatolewa. Prednisoloni inamvimbisha uso, inampandisha sukari, inamkosesha usingizi. Zile dawa mpya za sindano bei yake inamshinda mtu wa kawaida, na zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo kuna vipimo juu ya vipimo. Mesalazini, ambayo wengi inawatuliza, inatakiwa iendelee kunywewa hata mtu akiwa mzima, na ni nani atakayeinunua akiwa mzima kama hukumweleza kwa nini? Muuzaji wa chupa anakaa naye saa nzima, anamwita mama, anamwita kaka, anamuombea dua. Mkimwachia muuzaji upole wote, msishangae mgonjwa akimfuata.

Kwako mgonjwa, dada yangu, ndugu yangu, uliyenyamaza na aibu yako. Kunyamaza huku kunaumiza dini yako pia, maana wengi mmeacha msikiti mkidhani hamna udhu. Sharia imekupa wepesi. Ikiwa kinachokutoka hakikupi nafasi ya kutawadha na kusali, katika madhehebu yetu ya Shafii unajisafisha, unajifunga kitu cha kuzuia, unatawadha baada ya wakati kuingia na unasali papo hapo, wala kinachotoka baada ya hapo hakikubatilishii. Utafanya hivyo kwa kila fardhi. Kukusanya sala mbili kwa ajili ya maradhi, Imam Nawawi ameona kauli ya kujuzu ina nguvu. Aliyefanyiwa upasuaji akavaa mfuko tumboni anasali na mfuko wake. Ramadhani maradhi yakichachamaa unakula, utalipa ukipata nafuu, na kama daktari mwaminifu amesema hakuna tamaa ya kuweza kufunga, unatoa kibaba kwa kila siku. Usijitese ukadhani ndiyo ucha Mungu.

Na habasoda je? Itumie ukipenda. Tafuna punje zako asubuhi na asali kwa nia ya Sunna. Lakini mwambie daktari wako, hasa kama unatumia dawa za sukari, za presha au za kuzuia damu kuganda, kwa sababu habasoda yenyewe inaweza kuvishusha na mkavizidisha. Mjamzito asinywe mafuta yake kama dawa bila kuuliza. Dawa yako ya hospitali usiipunguze wala kuikata mpaka aliyekuandikia aseme. Hayo mawili hayagombani, isipokuwa kwenye tangazo la yule bwana. Na tafadhalini msinitumie picha za vipimo wala za choo, jamani, mimi ni imamu. Mwenye kuharisha damu zaidi ya wiki mbili, mwenye kukonda bila sababu, mwenye homa na tumbo lililojaa, asinisubiri mimi nijibu ujumbe, aende hospitali leo.

Kuhusu lile tangazo, aliye nalo kwenye simu asilipeleke mbele. Aliyekwisha kulituma kwenye kundi la msikiti au la ukoo, arudi palepale aandike kwamba maneno ya kuacha dawa hayakusemwa na Mtume (s.a.w.). Ijumaa hii baada ya Alasiri tutakuwa na darsa ya hadithi za tibabu kutoka Bukhari, na wauzaji nimewaalika kwa majina yao. Waje na chupa zao.

Wallahu a'lam.